Pima 16 za Ukili

Mkeka wa futi 6 kwa 4 unataka pima 16 za ukili. Hesabu yake ni nyepesi. Ukili wa upana wa vidole vinne hukaribia inchi 3. Futi 4 ni inchi 48. Gawanya, utapata kanda 16, na kila ukanda una urefu wa futi 6, ndiyo pima moja yenyewe. Hapo sijatia ukingo, wala ule ukili unaofumuliwa na kusukwa upya kwa sababu msukaji aliitwa jikoni na aliporudi akaruka chane.

Hesabu hii nilimpigia kaka yangu barazani, siku ya Julai aliyokuja kunipa habari kwamba binti yake kaposwa na harusi itakuwa Shaaban, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Mkononi alikuwa na karatasi mbili za makadirio kutoka kwa mpambaji: jukwaa, vitambaa vya satini, maua, taa za rangi, viti viwili vya maharusi vyenye migongo mirefu. Nilizisoma mstari kwa mstari, maana hilo ni katika kazi za shangazi wa bi harusi. Kila kilichoandikwa pale kilikuwa cha kukodi. Kingekuja ukumbini Jumamosi mchana na kuondoka Jumapili asubuhi, na maua yenyewe ni ya plastiki, yamekwisha kupamba harusi nyingi kabla ya yetu. Nikamuuliza kaka: katika fedha zote hizi, mtoto ataingia na nini nyumbani kwake?

Hakujibu. Lakini Ijumaa iliyofuata alirudi na wifi yangu, tukakaa, tukaipasua bajeti katikati. Nusu ibaki kwa mpambaji, nusu iende kwa mikono ya watu tunaowajua. Haya ninayoyaandika ni habari ya nusu hiyo ya pili. Nayaandika kwa sababu familia nyingi zimo katika vikao vya harusi hivi sasa, na sioni wengi wanaowaambia kwamba jambo hili linawezekana, na kwamba halitaki pupa.

Nianze na ukindu, kwa kuwa ndio wenye kula muda.

Mkindu ni ndugu wa mtende. Hupenda penye unyevu, na mara nyingi huota mashina kadhaa kwa pamoja. Kinachotakiwa si jani lililokwisha kukunjuka, bali lile changa la katikati, lililosimama wima kama mkuki, limejifunga bado. Mkataji mwenye adabu hamalizi; kila shina huliachia la kuendelea nalo, la sivyo mwakani atakwenda mbali zaidi kutafuta. Majani huanikwa juani siku kadhaa mpaka ukijani uondoke wote, yabaki meupe. Kisha huchanwa kwa ncha ya kisu au sindano, zipatikane chane za upana mmoja. Hapa ndipo mkeka mzuri unapoachana na mbaya. Chane zikipishana upana, ukili utapinda, na ukili uliopinda haunyooshwi na mshono wowote. Kwa vitu vya kazi ngumu, kama majamvi na makapu ya shamba, wasukaji hupenda miyaa ya mkoma, ambao wengine huuita mkoche, kwa kuwa ni migumu na hustahimili kukokotwa. Mkeka wa kukaliwa na bi harusi husukwa kwa ukindu.

Halafu rangi. Zamani weusi ulitoka kwenye mdaa. Siku hizi karibu rangi zote ni za unga, hununuliwa dukani kwa kipimo kidogo na kuchemshwa sufuriani pamoja na chane. Rangi hizi si mbaya, lakini zina masharti yake, na mimi niliyajua kwa njia ngumu. Katika harusi ya mdogo wangu, miaka mingi nyuma, sisi wenyewe nyumbani tulichovya chane nyekundu usiku, tukazitoa sufuriani mapema kwa haraka ya kulala, na hatukuzisuuza. Mkeka ukapendeza kweli. Siku ya shughuli joto lilikuwa kali, wageni wakakaa, na walipoinuka kanzu tatu nyeupe zilikuwa na michirizi myekundu, mojawapo ya ami yake bwana harusi. Mama alizichukua kanzu zile akazifua kwa mkono wake, na moja haikutakata. Tangu siku ile najua kwamba chane huchemshwa mpaka rangi ishike pande zote mbili, husuuzwa mpaka maji yatoke safi, na huanikwa kivulini. Zikikauka, zifute kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikichafuka, rudisha sufuriani. Usimwonee haya mtu anayekuuzia mkeka wa rangi. Mwombe maji kidogo, lowesha kitambaa, futa pembeni mbele yake. Msukaji mzuri hatakasirika, maana naye hufanya hivyo hivyo.

Kusuka kwenyewe ni kazi ya vidole na kumbukumbu. Chane huloweshwa kidogo kwanza zisipasuke. Mwenye kuanza huanza na chache. Aliyezoea hushika 9, 11, 13 na kuendelea, na kadiri chane zinavyozidi na kuwa nyembamba ndivyo ukili unavyokuwa laini na nakshi zinavyoingia: vipande vya rangi vinavyopokezana, misumeno, macho ya samaki. Anayesuka haangalii anachofanya. Katika vijiji vyetu vya kusini mwa Unguja utamwona mama anatembea njiani kwenda kwa jirani, anazungumza, na ukili unamrefukia mkononi, umeviringwa chini ya kwapa. Mimi vidole vyangu vimekaa sana na kalamu. Pima moja hunichukua jioni mbili. Mmoja wa tuliowapa kazi, jirani wa marehemu mama, husuka pima kwa jioni moja na bado akawa amepika. Kwa hiyo mkeka mmoja ni jioni 16 za kusuka peke yake, kisha kuunganisha ukanda kwa ukanda kwa uzi wa ukindu, kisha ukingo, na kabla ya yote hayo siku za kukata, kuanika, kuchana na kuchovya. Ni mwezi mzima wa maisha ya mtu. Tuliagiza mikeka mitatu, tukawapa kina mama watatu.

Kwa nini mitatu? Miwili ilitundikwa nyuma ya kiti cha maharusi, ikasimama badala ya ule ukuta wa satini. Wa tatu ulitandikwa chini ya miguu yao. Mpambaji wetu, kijana mwenye jicho zuri, mwanzo alisita. Alipoiona ile mikeka imesimama, nyekundu na nyeusi na rangi ya ukindu wenyewe, akaja na taa zake ndogo akaziweka chini zimulike kwenda juu, na nakshi zote zikaonekana. Hilo sikulitarajia, na sina budi kulisema, kwa sababu watu hudhani ukitaka vitu vya mikono lazima umfukuze mpambaji. Sivyo. Mpambaji anajua mwanga, anajua nafasi, anajua wageni watapita wapi. Anachokosa ni vitu vyenye thamani ya kumulikwa.

Wazee wetu wa pwani hawakutenganisha kupamba harusi na kupamba nyumba. Ukiingia katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 utakuta chumba cha ndani kina zidaka, safu juu ya safu, zimechongwa katika plasta ya chokaa, na ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kaure. Bibi Salme, binti wa Sultani Said, aliyekwenda Ujerumani akaitwa Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi vyumba vya wakubwa wa Unguja vilivyokuwa: kuta nene zilizopakwa chokaa, zenye maweko ya kina ya kupangia vyombo vya kioo na kaure, na sakafuni mazulia ya Kiajemi au mikeka laini. Angalia hapo. Mkeka umetajwa sambamba na zulia la Kiajemi, katika nyumba za watu walioweza kununua chochote kilicholetwa na jahazi. Na Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858 huko kwao visiwani kaskazini, alimuusia pamoja na mambo mengine ajipambe kama bi harusi hata baada ya siku za harusi kupita. Mapambo, kwa mama yule, yalikuwa ni jambo la kuendelea nalo.

Ndiyo maana sanduku la njumu, lenye misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi, lilikuwa la kuwekea vitu vya mke na wakati huo huo pambo la chumba. Kofia ya viua ya bwana harusi nayo ni hivyo hivyo: matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi kwa sindano, moja baada ya jingine, kazi inayoweza kula miezi, na akishaivaa siku ya nikahi ataivaa kila Ijumaa na kila Idi mpaka imchakae. Kwa ile tuliyoitaka sisi muda ulikuwa umekwisha kupita. Tulikwenda kwa fundi Novemba, akatwambia kwa upole kwamba mwezi ule tulipaswa kuwa tunaipokea. Bwana harusi akavaa ya babu yake, imefuliwa, imetiwa wanga na kuwekwa kwenye kibao. Ilimkaa vyema.

Sasa nije kwenye asumini, na hapa naomba msomaji anivumilie nikikaa kidogo.

Hakuna ua la plastiki litakaloweza kufanya kinachofanywa na asumini, kwa kuwa asumini hupamba pua kabla ya jicho. Huchumwa alasiri, likiwa tumba bado, jeupe na gumu kama punje. Usiku ndipo linapofunguka. Kwa hiyo anayetunga koja hutunga matumba, na koja hufunguka likiwa shingoni mwa mtu, katikati ya shughuli, wakati wageni wamekwisha kukaa. Yaani mtungaji anakadiria saa. Akichuma mapema mno, yatanyauka. Akichelewa, yatafunguka kwenye sinia na harufu itabaki uani. Matumba yaliyochumwa huwekwa katika jani la mgomba au kitambaa kilicholowa, mahali pa baridi, na kutungwa kwa sindano nyembamba na uzi mweupe, vikonyo vyote upande mmoja.

Kikuba ndicho kidogo kuliko vyote na ndicho kinachotaka ufundi zaidi. Huchukuliwa asumini, waridi, kipande cha mkadi, ua la mlangilangi na kijiti cha mrihani, vikafungwa pamoja kishada cha ukubwa wa kidole gumba, vikanyunyiziwa marashi. Bi harusi huchomekwa kichwani. Wageni wa kike hugaiwa, wakachomeka kwenye nywele au kifuani ndani ya nguo. Kila mfungaji ana mkono wake. Wako wanaotanguliza mrihani ili ubichi wake upoze utamu wa mlangilangi. Wako wasiotaka mkadi kwa kuwa huyafunika maua mengine. Mabishano haya niliyasikia uani kwetu usiku wa kuamkia harusi. Wanawake tulikaa kwenye jamvi kuanzia saa kumi alasiri, sinia ya maua katikati, tukafunga vikuba mpaka baada ya isha. Mwari mwenyewe alikuwa ndani na somo wake, amekwisha kusingwa, miguu iko kwenye hina. Wasichana wengine wa pale hawakuwahi kushika kikuba ila kwa kukinunua. Wawili walijitoboa vidole, mmoja alikasirika akainuka, kisha akarudi mwenyewe. Walipofika kikuba cha kumi, mikono iliwaelewa.

Na maadamu nimeitaja hina, kuna jambo lazima nilitie hapa. Hina ya majani, iliyotwangwa na kukandwa kwa ndimu, haina neno. Ile nyeusi inayoitwa piko, ambayo kwa kweli ni dawa ya kutia nywele rangi, ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi, ikatoa malengelenge na kuacha kovu pale pale palipochorwa ua. Hutaka dakika chache kukolea, ndiyo sababu inapendwa. Hina ya kweli hutaka usiku. Mama wa bi harusi, mpe mwanao usiku huo.

Mengine nitayapita haraka. Vifuu vya nazi, vilivyokatwa kati, vilisuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta ya nazi mpaka vikang'aa. Tulivipanga juu ya meza na kuvitia maji na maua machache yanayoelea. Watoto wa kaka ndio walioifanya kazi ile, na niliwaonyesha kwamba neno msasa lilikuwa jina la mti kwanza: majani yake yanakwaruza, na mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi haijaja. Lango la ukumbi lilifanywa kwa makuti mabichi ya mnazi na mashina mawili ya mgomba, kazi ya wanaume, ya asubuhi moja. Makuti hukatwa siku ile ile au jana yake, maana yakikaa zaidi ya hapo yanaanza kulegea. Kanga kuukuu za marehemu mama zilishonwa kuwa foronya za mito na takia. Kanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, hatukuikata. Hiyo alipewa mtoto nzima, doti kamili, kama desturi inavyotaka. Wageni, badala ya kile kijiboksi cha peremende, walipewa kipepeo kimoja kimoja cha ukili, na kwa joto la ukumbi ule walivitumia papo hapo.

Si sisi peke yetu tunaolijua jambo hili. Rwanda wana agaseke, kile kikapu chenye mfuniko uliochongoka, ambacho tangu zamani hutolewa zawadi katika harusi. Taifa lilikithamini hata likakiweka katika nembo yake. Uganda zawadi za posa hubebwa vichwani katika vikapu vilivyosukwa kwa mkono. Kenya, siku za mahari, utaona kiondo na vibuyu vimerudi mbele ya wageni, vimepangwa kwa heshima. Huko kote, mtu aliyesuka ni mwanamke, na mara nyingi hayumo katika orodha ya waalikwa.

Hili la mwisho ndilo linalonikera, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nimekaa mara nyingi pembeni mwa msukaji mnunuzi akija. Mnunuzi huushika mkeka, huukunja, huusifu, kisha hutaja bei inayokaribia doti moja ya kanga. Akiambiwa haiwezekani, husema kwani huu si ukindu tu, si unaota wenyewe? Mtu huyo huyo atasaini makadirio ya maua ya plastiki ya kukodi kwa usiku mmoja bila kuuliza swali la pili. Kinachotofautisha si mali. Ni kwamba mpambaji ana karatasi yenye mistari na jumla chini, na msukaji ana mdomo wake tu. Basi sisi tulifanya kitu kidogo. Tulikaa na wale kina mama watatu, tukaandika pamoja nao: kukata na kuanika, siku kadhaa, rangi, kiasi fulani, pima 16 kwa jioni 16, kushona, ukingo. Tukaweka bei kwenye kila mstari. Jumla ilipotoka, kaka yangu aliitazama kwa muda, kisha akasema ni haki. Na bado ilikuwa chini ya gharama ya lile jukwaa la satini tuliloliacha.

Karatasi ile ilifanya na jambo jingine. Mmoja wa wale kina mama alikuwa ameacha mikeka kwa miaka, anasuka mikoba midogo ya kuuzia watalii kwa kuwa inakwisha haraka na inalipa upesi. Simlaumu hata kidogo. Lakini mkono uliozoea mkoba wa shubiri mbili husahau mkeka. Nakshi ndefu zinazohitaji upana hazina pa kukaa. Alipoupata mkeka wa kulipwa vizuri alimwita binti yake akamkalisha kando, akamwachia pima mbili za mwanzo, zile za upande wa ukutani zisizoonekana sana. Msichana yule sasa anajua nakshi moja nzima.

Kuna wakati tulidhani sheria itatufanyia kazi hii. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, na kwa muda kidogo vikapu vya ukili vilionekana tena sokoni mikononi mwa watu. Kisha ikaja mifuko ya viwandani inayofanana na kitambaa, rahisi, ya rangi zote, ikajaa kila duka. Marufuku iliondoa plastiki ile. Haikuweza kumpa msukaji mteja. Mteja ni sisi, na hatuna wakati tunaonunua vitu vingi kwa mpigo kama tunapooa na kuolewa. Kamati moja ya harusi ina uwezo wa kuwapa kina mama kumi wa kijiji kimoja kazi ya miezi mitatu. Viwanda vya namna hiyo ni vichache.

Najua hoja ya wenye kamati, kwa sababu nimekaa kwenye kamati hizo Dar es Salaam na Unguja. Watasema hakuna muda; tarehe imekwisha kupangwa, ukumbi umelipiwa. Ni kweli, mkeka hauwezi kuagizwa wiki mbili kabla. Basi agizeni vipepeo, maana kipepeo ni kazi ya siku moja au mbili. Agizeni kawa za kufunikia sinia za chakula. Chumeni asumini za jirani kwa idhini yake. Watasema wageni watatuona hatukujiweza. Mimi nilikuwa mlangoni usiku ule, na wageni walipokuwa wakitoka nilisikia wakiulizana nani aliyesuka. Niliwaonyesha. Wale kina mama watatu walikuwa wamekaa safu ya pili, wamevaa sare kama sisi, kwa kuwa tuliwaalika. Kabla ya saa tano usiku walikuwa wamepata wateja wanne.

Mikeka ile iko hapa Unguja, nyumbani kwa mtoto. Mmoja uko sebuleni, mmoja chumbani, wa tatu umekunjwa na kuwekwa juu ya kabati kwa ajili ya wageni na Idi. Nilikwenda mwezi uliopita nikaukanyaga ule wa sebuleni kwa miguu mitupu. Haujalegea hata uzi.

Kwa wenye harusi Desemba: ukindu unataka jua la kipupwe, kwa kuwa ukikatwa wakati wa vuli utashika koga kabla haujakauka. Nendeni kwa msukaji mnayemjua sasa, si Novemba. Kaeni naye, andikeni kazi yake mstari kwa mstari, mlipeni nusu siku ya kuagiza na nusu siku ya kupokea, na jina lake liingizeni katika orodha ya waalikwa.